Jinsi ya kuweka viwango vya kuthibitisha programu zinazoandaa vijana kwa uanagenzi hapa Mombasa

Kuanzia Likoni mpaka Mtopanga, siku hizi hukosi programu ya vijana inayosema yawaandaa kwenda kujifunza kazi kwa fundi. Moja ni ya wiki tatu, nyingine miezi miwili, nyingine ni kukaa ukumbini tu na mwisho wa yote kila mtu anapigwa picha na cheti chake mkononi. Alafu kijana anaenda nacho gereji ya Magongo ama godauni la Shimanzi, fundi anakiangalia kidogo, anamrudishia, anamwambia haya shika ufagio. Manake kwake yeye karatasi zote ni sawa, ya programu iliyomshikisha kijana vyombo kweli na ya ile iliyomkalisha kwenye kiti cha plastiki, zote zina stempu. Kwa hivo kijana aliyefunzwa vizuri anaanza sifuri sawa na ambaye hakufunzwa, na hii mie naiona ni dhulma kabisa, sababu ule muda na nauli alitoa.

Mwongozo huu ni wa yeyote anayeweza kuwaita watu meza moja warekebishe hili jambo: chama cha mafundi, walimu wa vyuo vya ufundi, vikundi vya kijamii (CBO), misikiti na makanisa yenye mafunzo ya vijana, maafisa wa kaunti. Kazi ni kuweka viwango ambavyo programu lazima ivifikie ndo ipewe ithibati, ili fundi akiuona muhuri wenu kwenye cheti ajue huyu kijana aliyesimama mbele yake ashafanya nini. Pale penye kazi ngumu nitakaa sana, kwengine napita mbio.

Hatua ya 1: Jueni mpaka wenu

Kabla ya kuandika hata kiwango kimoja, jueni nani ana mamlaka gani. TVETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi, ndo inayosajili na kutoa leseni kwa taasisi za mafunzo ya ufundi, ilitokana na sheria ya 2013, na sheria hiyo hiyo ndo iliyoleta CDACC, baraza linalotunga mitaala na kutahini. KNQA, ya sheria ya 2014, yashika mfumo wa sifa za kitaifa, yaani ngazi za vyeti nchini. Uanagenzi wenyewe, ule wa mkataba, uko chini ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, kwa Sheria ya Mafunzo ya Viwandani, na ni hao hao wanaotoa mitihani ya gredi kutoka gredi 3 kupanda mpaka gredi 1, tena wana kituo hapa hapa Mombasa kwa hivo hamna kisingizio cha kutoenda kuwauliza. Na zile politekniki za vijana, ambazo sasa ndo vituo vya ufundi, katiba ya 2010 iliziweka mikononi mwa kaunti.

Nyinyi mnachotoa ni kitu kidogo zaidi na ni cha hiari: ithibati kwamba programu fulani yaandaa vijana vizuri kabla hawajaingia uanagenzi. Basi msiandike neno gredi kwenye cheti, msiandike sifa ya kitaifa, msiweke nembo ya serikali ati ipendeze. Taasisi inayotakiwa kuwa na leseni ya TVETA na haina, msiipe ithibati, iambieni ikamalize huko kwanza ndo irudi. Kuna na kazi ambazo zina milango yake mingine kabisa, mfano kozi za usalama za mabaharia lazima ziwe zimeidhinishwa na Kenya Maritime Authority, na fundi wa umeme wa majumbani anahitaji leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati. Mwaweza kuithibitisha programu inayomuandaa kijana kuelekea huko lakini semeni wazi kwamba cheti chenu hakimruhusu kufunga nyaya za nyumba ya mtu wala kupanda meli.

Jambo jengine. Barobaro aliyeshika spana miaka mitatu kwa mjomba wake hahitaji programu ya maandalizi, anahitaji kupelekwa NITA afanye gredi. Programu inayomuandikisha mtu kama huyo ili kujaza hesabu ya mfadhili inampotezea wakati, na swali la "umefanya kazi gani mpaka sasa" liwe kwenye fomu ya kuingia.

Hatua ya 2: Anzeni kwa wanaopokea

Hapa ndipo wengi huenda kinyume. Wanakaa hoteli, wanaandika viwango kwa lugha nzuri, alafu mwisho ndo wanamtafuta fundi aje asaini. Anzeni na fundi. Tokeni mwende wawili wawili, gereji za Magongo na Changamwe, mafundi wa weldingi na alumini wa Kongowea na Bombolulu, maseremala, idara za matengenezo za mahoteli ya Nyali na Bamburi ambako AC na friji hazilali, hata wanaotengeneza maboti. Msiende Ijumaa saa sita mchana, wala Jumatatu asubuhi wakati mteja amesimama anadai gari lake. Baada ya alasiri kazi hupoa kidogo, hapo fundi atakaa kwenye benchi mwaongea.

Salamu kwanza, na heshima yake, "Salaam aleykum mzee, habari za kazi," msianze na fomu. Alafu ulizeni swali moja tu la maana: kijana akiletwa kwako leo, ni kitu gani kitakufanya umrudishe kwao kabla ya mwezi kuisha? Nyamazeni sasa, mwacheni aseme. Hatawaambia injini. Mara nyingi atawaambia kuchelewa, simu mkononi wakati wa kazi, kijana asiyeuliza anapokosa kuelewa na badala yake anaharibu, asiyejua kusoma tepu, anayebadilisha diski ya grainda bila kuchomoa plagi, na uaminifu wa vipuri. Andikeni kwa maneno yake vile alivosema, msiyageuze kuwa ya ofisini. Mkirudi na madaftari ya mafundi ishirini hivi wa kazi mbalimbali mtaona majibu yaanza kujirudia, na yale yanayojirudia ndo mifupa ya viwango vyenu.

Waulizeni pia swali la pili: yale ambayo wewe unamfundisha kijana miezi mitatu ya kwanza, ni yapi ungefurahi akija ashayajua? Hili lawapa mtaala wa chini kabisa, na lawapa hoja mtakapokuja kumuomba amhesabie kijana huo muda.

Hatua ya 3: Andikeni viwango, vichache, vinavyopimika

Hamuanzi kwenye jangwa. Marekani, ambako sheria ya taifa ya uanagenzi ni ya 1937, wizara yao ya kazi ilitoa waraka 2012 ikieleza programu nzuri ya maandalizi iwe na nini: mtaala ulioidhinishwa na wenye uanagenzi wenyewe, mafunzo ya vitendo yasiyomnyang'anya mfanyakazi wa mshahara kazi yake, msaada kwa wanaoachwa nyuma, na njia iliyonyooka ya kuingia uanagenzi. ILO, Shirika la Kazi Duniani, nayo Juni 2023 ilipitisha Pendekezo nambari 208 kuhusu uanagenzi bora, na maandalizi ya kabla yametajwa humo. Chukueni fikra, lakini msinakili kwa jumla, sababu Mombasa fundi wetu mwingi ni wa jua kali, hana ofisi ya wafanyakazi, mkataba wake ni mdomo.

Mie ningeweka viwango saba na nisingezidisha.

Cha kwanza na ndo mama wa vyote, mlango. Programu isiyo na makubaliano ya maandishi na wanaopokea vijana isipewe ithibati, hata iwe na jengo la ghorofa na kompyuta mpya. Makubaliano yenyewe yawe ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, yaseme fundi ama kampuni fulani kila mzunguko itawaita vijana wangapi kwa interviu, itawahesabia muda gani kati ya ule waliojifunza, na watalipwa posho gani wakiingia. Sisemi lazima aahidi kuwachukua wote, hakuna fundi mwenye akili ataahidi hivo, lakini kuwaita na kuwapima kwa haki hilo aahidi. Kwa waajiri wakubwa kama hoteli na makampuni ya mizigo, wakumbusheni kwamba ushuru wa mafunzo wa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi washaulipa tayari, na mwajiri anayeulipa anaweza kudai NITA imrudishie gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Wengi wanalipa miaka na hawadai hata ndururu, ukimwambia hivo anakusikiliza vizuri zaidi kuliko ukimuomba msaada.

Cha pili, saa na vitendo. Wekeni idadi ya chini ya saa kwa kila kazi. Kule Marekani mtaala unaotumika sana wa kuandaa watu kwa kazi za ujenzi huanzia saa 120, hiyo yawapa picha. Kwetu mimi ningesema kiasi hicho kisipungue, na nusu ya saa ziwe mkononi na vyombo. Na vyombo viwe vya kutosha: grainda moja kwa vijana ishirini na tano maana yake ishirini na nne wanatazama.

Cha tatu, kusoma, kupima na hesabu za kazini. Hapa nakaa kidogo sababu ndipo programu nyingi hudanganya bila kujua, wanawapa vijana karatasi ya hesabu za darasa la nane, anapita, alafu kazini anakata chuma vibaya. Jaribio liwe la kazi yenyewe. Mfano wa weldingi: mpe kijana skwea tyubu ya mita 6, mwambie wataka vipande vya mita 1 na sentimita 10 vya grili ya dirisha, vitatoka vingapi na kitabaki kipande cha urefu gani. Atakayesema vitano na imebaki nusu mita, hesabu anaijua. Atakayekuuliza diski ya kukatia ni unene gani, huyo ashaanza kufikiri kifundi, manake diski ya milimita 3 ikipita mara tano imekula milimita 15 na kilichobaki ni sentimita 48 na nusu. Alafu mwacheni apime, achore kwa chaki, akate kimoja, na mkaguzi apime nyuma yake, tofauti isizidi milimita 2. Jaribuni na kugeuza vipimo, sababu mteja huja na futi, fundi anasema inchi, na mchoro umeandikwa milimita, kijana lazima ajue inchi moja ni milimita 25.4 na ajue upande gani wa tepu ni upi. Haya yote yafanywe kwa Kiswahili, na asiyesoma vizuri aruhusiwe kujibu kwa mdomo. Kuna vijana waliacha shule darasa la sita ambao mikono yao ni ya dhahabu, msiwafungie nje kwa karatasi ya Kiingereza. Lakini onyo lililoandikwa kwenye chupa ya tindikali ama kwenye mtungi wa gesi lazima aweze kulitambua, hapo hakuna kuhurumiana.

Cha nne, usalama. Sheria ya usalama na afya kazini ni ya 2007 na yahusu jua kali sawa na kiwanda. Kiwango kiseme vitu vinavyoonekana: hakuna kijana anayewasha grainda bila miwani, hakuna champali karakana, kisanduku cha huduma ya kwanza kina vitu ndani na hakifungwi kwa kufuli ambalo mwenye ufunguo yuko Mtwapa, mtungi wa kuzima moto haujapitwa na tarehe, maji ya kunywa yapo, na joto letu hili la Februari mnalijua. Kijana ambaye hajaandikiwa mkataba wa uanagenzi msimtegemeze kwenye sheria ya fidia ya majeraha kazini, programu inunue bima ya ajali ya kikundi na ionyeshe risiti. Na kila jeraha liandikwe kwenye kitabu, hata la kidole.

Cha tano, nani anaingia na anasaidiwa vipi abaki. Kijana wa Mtongwe kuvuka feri kwa miguu ni bure lakini kuna matatu huku na matatu kule, kila siku, na hiyo ndo inayomtoa mtu kwenye mafunzo wiki ya tatu, kuliko hata ugumu wa kazi. Programu ionyeshe imepanga nini kuhusu nauli na chakula cha mchana, iwe kidogo lakini kiwepo. Wasichana: choo chao na mahali pa kubadilisha nguo penye komeo, na mtu wa kike anayeweza kuambiwa jambo baya likitokea, nambari yake ikiwa imebandikwa ukutani. Hili msiliache liwe ombi, liwe sharti, programu isiyo nalo ithibati inasimamishwa. Mwenye ulemavu asikataliwe mlangoni kabla hajapewa nafasi ya kujaribu kazi. Mwezi wa Ramadhani saa zifupishwe na aliyefunga asipangiwe weldingi juani saa nane mchana. Walio chini ya miaka 18 wawe na idhini ya mzazi, na masharti ya Sheria ya Ajira ya 2007 kuhusu watoto yafuatwe neno kwa neno.

Cha sita, kijana asifanywe mtumwa. Programu ikichukua oda ya mteja, mageti kumi ya shule mfano, na vijana ndo wanaoyatengeneza, walipwe posho na ioneshwe kwenye vitabu. Fundi asiwafukuze vibarua wake sababu kaletewa vijana wa bure. Na hakuna kumuuzia kijana cheti, hakuna kuzuia kitambulisho chake, hakuna "maliza deni ndo upewe".

Cha saba, wanaofundisha. Mwalimu awe ashaifanya kazi hiyo kwa kula, miaka kadhaa, na awe ameonyeshwa jinsi ya kufundisha. Vyote viwili. Kuna fundi hodari anayefundisha kwa makofi, huyo hapana.

Hatua ya 4: Kila kiwango kipeni ushahidi wake

Chukueni kila sentensi mliyoandika na mjiulize, mkaguzi akifika pale ataona nini kwa macho? "Mafunzo bora ya vitendo" haionekani. "Kila kijana ana daftari la kazi lililosainiwa na fundi" inaonekana. Kila ambayo haina kitu cha kuonyesha, ikateni ama muiandike upya.

Daftari la kazi ndo ushahidi wenye nguvu kuliko wote na halina gharama, ni kitabu cha dukani cha kurasa 96. Ukurasa mmoja kwa kazi moja: tarehe, kazi iliyofanywa, vyombo vilivyotumika, alifanya mwenyewe ama alisaidia, nini kilikwenda vibaya na kilirekebishwaje, sahihi ya fundi. Ile sehemu ya kilichokwenda vibaya ndo yakuonyesha kama ni kweli. Daftari ambalo kurasa arobaini zote kila kitu kimekwenda sawa, mwandiko mmoja, kalamu moja, limejazwa usiku wa kuamkia ukaguzi. La kweli lina mafuta, lina "nilikaza nati ikakatika, tukatoa kwa drili".

Hatua ya 5: Undeni kamati isiyojithibitisha yenyewe

Wenye programu wasiwe wengi kwenye kamati. Watu saba ama tisa watosha: mafundi na waajiri wapate viti vingi zaidi, alafu mwalimu wa kituo cha ufundi ama wa chuo kama TUM, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kijana mmoja aliyepitia programu na sasa yuko kazini, mzazi, mtu anayejua mambo ya ulemavu. Programu ya mjumbe ikijadiliwa, mjumbe atoke chumbani, asikae kimya tu kwenye kona manake uso wake nao unapiga kura. Muhtasari uandikwe. Muda wa ujumbe uwe miaka miwili ama mitatu, mtu asifie kwenye kiti.

Na pesa: ada ya ukaguzi iwe ndogo, ilingane na ukubwa wa programu, ilipwe kabla na isirudishwe hata matokeo yakiwa mabaya, hivo hakuna anayenunua jibu. Mkaguzi asipokee nauli, pilau wala soda kutoka kwa anayekaguliwa, anajibebea chake.

Hatua ya 6: Kagueni mara mbili

Ziara moja ya miadi na moja ya ghafla. Ya miadi ni ya makaratasi: makubaliano na mafundi, mtaala, bima, kitabu cha majeraha, rejista. Ya ghafla ni ya kuona kama karakana yafanana na makaratasi. Kaeni kipindi kizima mtazame kinavofundishwa. Ongeeni na vijana bila mwalimu kuwepo, wawili watatu kwa pamoja wanaongea vizuri kuliko mmoja, na waulizeni maswali madogo, jana mlifanya nini, grainda iko wapi, ukiumia wamwambia nani. Alafu chukueni orodha ya mafundi walioandikwa kuwa wapokezi, chagueni watano bila kufuata mpangilio, wapigieni simu hapo hapo. Akisema "hao siwajui", mshapata jibu lenu.

Ripoti itoke ndani ya wiki mbili, kwa maandishi, kwa lugha ambayo mwenye programu ya Jomvu ataielewa bila kumtafuta mwanawe wa chuo amfasirie.

Hatua ya 7: Toeni uamuzi wenye daraja

Ndiyo na hapana peke yake itawaua wadogo, na kuna programu ndogo za uani ambazo zinafundisha kwa moyo kuliko zenye mabango. Wekeni tatu: ithibati kamili ya miaka miwili, ithibati ya muda ya miezi sita yenye orodha ya kurekebisha, na kukataliwa kwa sababu zilizoandikwa pamoja na haki ya kukata rufaa kwa watu ambao hawakukagua mara ya kwanza. Usalama, madhara kwa wasichana na kuuza vyeti, hizo hazina ithibati ya muda. Kama choo hakina komeo, likishafungwa komeo ndo waitwe tena.

Kabla ya kufungulia mji mzima, jaribuni viwango na programu tatu zisizofanana, kubwa, ndogo na ya wasichana tupu ikiwezekana. Mtaona kiwango fulani hakipimiki, ama chaumiza wasiostahili. Kirekebisheni hapo mapema.

Cheti chenyewe kiorodheshe kijana amefanya nini, saa ngapi, na kiwe na nambari ambayo fundi akipiga simu ama akituma watsapu anajibiwa siku hiyo hiyo kama ni cha kweli. Orodha ya kazi tano sita alizozifanya kwa mkono wake yamfaa fundi zaidi ya maneno "amehitimu kwa mafanikio".

Hatua ya 8: Fuatilieni, na hesabuni kwa haki

Programu iripoti vijana wako wapi baada ya miezi 3, 6 na 12. Chukueni nambari mbili za simu, ya kijana na ya mtu wa nyumbani ambaye habadilishi laini, mama ama shangazi. Wekeni wazi nini kinahesabika kuwa ameingia uanagenzi: yuko kwa fundi ama kampuni, makubaliano yapo, posho inajulikana. Anayeendesha boda ama kusukuma mkokoteni ana riziki yake halali na Mungu ambariki, lakini hiyo si hesabu ya programu ya weldingi.

Angalieni sana mgawanyo. Tuseme walianza vijana 30, wakamaliza 18, wakaingia kwa mafundi 12. Programu itataka kusema 12 kati ya 18, asilimia 67. Nyinyi hesabuni 12 kati ya 30, asilimia 40, manake wale 12 waliotoroka katikati nao ni watoto wa watu na kuna sababu waliondoka. Ombeni namba zote mbili, na zigawanywe kwa wasichana na wavulana, hapo ndo mtaona kama tatizo ni nauli, ni choo, ama ni mwalimu.

Majina na vitambulisho vya vijana visitupwe kwenye magrupu ya watsapu ili kuonyesha kazi imefanyika. Sheria ya kulinda data ya 2019 yataka idhini yao, na wengine hapo ni watoto. Kamati ipewe orodha, umma upewe hesabu.

Hatua ya 9: Wekeni njia ya kuondoa ithibati

Iandikeni tangu siku ya kwanza, msingoje mgogoro. Kughushi sahihi ya fundi, kuchukua pesa za cheti, kuficha jeraha, kunyamazia malalamiko ya unyanyasaji, haya yaondoa ithibati. Mengine yapewe onyo na muda. Ikiondolewa, mafundi waliosaini waambiwe, na vijana walioko katikati ya mafunzo watafutiwe programu nyingine ndani ya mwezi, saa zao zihesabiwe, wasilipie kosa ambalo si lao.

Viwango vyote vipitiwe kila mwaka na mafundi wale wale wa hatua ya 2 pamoja na wapya wachache, sababu kazi zinabadilika, tuktuk za umeme zishaingia na gereji inayozijua yataka kijana mwengine. Toleo na tarehe viandikwe ukurasa wa kwanza, na programu iliyopewa ithibati chini ya toleo la zamani iendelee nalo mpaka muda wake uishe, isipokuwa mabadiliko ya usalama, hayo yaanze kufuatwa siku yanapotoka.